Dakika Kumi na Tano za Mpiga Chapa

Saa nne kasoro dakika sita asubuhi, siku ya Jumatatu, mpiga chapa wa ofisi ya usajili wa vizazi na vifo alilala akiwa ameketi, kidole chake cha shahada kikiwa juu ya herufi M. Alikuwa anaandika cheti cha mtoto wa kike aliyezaliwa na kilo tatu na robo. Hakukoroma, wala hakuinamisha kichwa. Alifumba macho tu, mabega yakashuka kidogo, basi. Mbele yake laptopu ilibaki wazi, inang'aa, kama mlinzi aliyeingia zamu sasa hivi.

Chumba chake kilikuwa cha nyuma na hakikuwa na dirisha. Kilikuwa na meza, kabati la chuma la mafaili, printa, feni ya kusimama, na kwenye ukuta wa mbele tundu la mstatili lililotosha karatasi na mkono hadi kwenye kiwiko. Tundu hilo alilitoboa mkuu wa zamani, ili karani wa dirishani asipoteze muda kuzunguka kupitia korido. Wateja walijaza fomu kwa kalamu, karani akazipitisha tunduni, zikaangukia kwenye trei, na baadaye vyeti vilivyochapwa vikarudi kwa njia ileile. Watu wengi waliopokea vyeti hivyo waliamini kwamba ndani ya ukuta kuna mashine.

Muda si mrefu baada ya mpiga chapa kulala, nyasi zilianza kuota sakafuni. Zilitoka kwenye viungo vya vigae, nyembamba, za kijani kibichi, zikafika kwenye vifundo vya miguu. Upepo ambao haukutoka popote ulizilaza upande mmoja, kisha upande wa pili. Karibu na kabati la mafaili vilionekana vigoda viwili vimewekwa vikitazamana, vyote vitupu.

Saa nne na dakika ishirini karani aliinama tunduni. "Mama, bado?"

Mpiga chapa alifumbua macho na kuibonyeza M. Nyasi zikarudi chini, zikaacha umande.

"Nyasi hazina shida," alisema mfagizi alipopita na dekio lake, "zinakuja na kuondoka zenyewe. Huu umande ndio unaoniua mgongo."

Karani wa dirishani aliitwa Mtaalamu. Jina hilo alijipa mwenyewe siku alipofanikiwa kutoa karatasi iliyokwama kwenye printa, na hakuna aliyeona sababu ya kumnyang'anya. Ijumaa iliyotangulia, yeye ndiye aliyeweka mfumo mpya kwenye laptopu. Mashine ilimuuliza maswali kumi na moja, naye akabonyeza Ndiyo mara kumi na moja bila kusoma hata moja, amesimama, mkono wa pili umeshika kikombe cha chai.

"Ukikaa kuyasoma yote haya," alisema, "utazeekea hapa."

Mpiga chapa, aliyekuwa amezeekea hapo, alisogeza kiti ampishe.

Tangu siku hiyo laptopu haikulala. Zamani, ikiachwa dakika kumi na tano bila kuguswa, kioo chake kilizimika na yenyewe ikapumzika. Sasa ilikesha. Waliifunika, haikulala. Waliitia kwenye mkoba, ikaendelea kuvuma ndani ya mkoba, na ilipotolewa ilikuwa na joto kama mkate na betri imekwisha. Mpiga chapa, kwa upande wake, akiachwa dakika kumi na tano bila kuguswa wala kusemeshwa, alilala. Karatasi zikianguka kwenye trei hazikumwamsha. Mlango ukibamizwa hakuamka. Nyumbani hakukuwa na tatizo, kwa sababu aliishi na mdogo wake ambaye hanyamazi hata akiwa anapiga mswaki.

Mtaalamu aliandika taarifa: laptopu ya chumba cha nyuma haitaki kulala, aitwe fundi. Kuhusu mpiga chapa iliandikwa barua nyingine, ikawekwa kwenye faili lingine.

Fundi alifika Jumanne saa tatu. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na mitatu mwenye duka la meza mbili, nyuma ya mahali panapotengenezwa viatu. Alimaliza darasa la mwisho la shule ya msingi, na yaliyobaki alijifunza kwa kufungua redio za watu na kuzirudisha kabla hawajagundua. Alikuwa na tabia ya kukitazama kitu muda mrefu kabla ya kukigusa. Wateja wengine waliona ni uvivu, wakaenda kwa mafundi wenye mikono myepesi, halafu wakarudi kwake na vipande ndani ya mfuko.

"Shikamoo, Mama," alisema mlangoni.

"Marahaba, mwanangu. Pita, pita. Kiti hakuna, keti juu ya boksi hilo la karatasi, halibonyei."

Fundi akaketi juu ya boksi, akaiangalia laptopu, akaweka saa ya simu yake mezani na kunyamaza. Zilipotimia dakika kumi na tano, mpiga chapa alilala na laptopu haikulala. Nyasi zikaota. Fundi alipandisha miguu juu ya boksi ili viatu visilowane, akasubiri dakika nyingine kumi, kisha akamgusa mpiga chapa begani kwa kidole kimoja.

"Nimelala tena?" aliuliza mama yule.

"Umelala. Umelala kwa wakati wake hasa, hata sekunde haikuzidi."

"Hilo nashukuru. Sipendi kazi ya kubahatisha."

Fundi alikwenda kwa mkuu wa ofisi kueleza alichokiona. Mkuu alikuwa na meza kubwa yenye kioo juu, na chini ya kioo picha za mikutano. Alimsikiliza huku akitafuta kifuniko cha kalamu.

"Kwa hiyo ule usingizi wa mashine umehamia kwake," alisema.

"Ndiyo, Mkuu. Swali moja kati ya yale kumi na moja liliuliza kama mipangilio ya usingizi ihamishiwe kwa mtumiaji. Likajibiwa Ndiyo."

"Sawa. Wewe shughulika na laptopu. La mama linashughulikiwa na mimi." Akakipata kifuniko. "Ijumaa anakuja mkaguzi. Akimkuta mtumishi amelala kazini, sina la kumtetea. Imebaki miezi minane astaafu, najua, na akiondolewa kabla ya hapo hapati kitu, najua. Lakini taratibu ni taratibu, na mkaguzi hana mchezo."

"Ikipona laptopu, naye anapona," alisema fundi.

"Basi una mpaka Ijumaa," alisema mkuu, akatia kifuniko kwenye kalamu isiyokuwa yake.

Fundi alianza na lile ambalo mafundi wote huanza nalo. Aliizima laptopu na kuiwasha. Mpiga chapa alifumba macho kwa muda wa dakika moja na nusu, akafumbua, akauliza leo ni siku gani, kabla hajajibiwa akakumbuka mwenyewe, akaendelea na cheti cha mzee aliyefariki kwa presha. Baada ya dakika kumi na tano alilala.

Alichomoa kipanya, kwa sababu kuna vipanya vyenye wasiwasi ambavyo hutikisika vyenyewe na kuinyima mashine usingizi. Alichomoa waya wa printa. Alizima mtandao. Laptopu ilimtazama tu. Alizipitia moja moja zile programu ndogo zinazoendesha kioo na betri, akazifuta, akaziweka upya kutoka kwenye kidude alichokuwa amekivaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Hapo mpiga chapa alianza kuona vizuri bila miwani, na jambo hilo lilimfurahisha kwa saa mbili mpaka likaondoka.

Jioni ile, kabla ofisi haijafungwa, fundi alijaribu kwenye mipangilio. Palikuwa na sehemu imeandikwa: lala baada ya dakika 15. Akaifungua, akashuka hadi chini kabisa, akachagua Kamwe.

Jumatano mpiga chapa aliingia saa mbili kasoro robo, macho mekundu, mikono imechujuka kwa sabuni.

"Sijasinzia hata lepe," alisema. "Mdogo wangu amelala, mimi nazunguka nyumba nzima kama kuku aliyepoteza kiota. Mwisho nikateremsha mapazia, yote, hata yale ya sebuleni mazito yaliyoachwa na mama yetu, nikayafua. Ni mazito, mwanangu, yakishika maji ni kama kumnyanyua mtu. Sijui kama yatakauka, mawingu yenyewe ndiyo haya." Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini hakuwa analia. Yalikuwa yanatoka tu. "Nimechoka na usingizi haunijui."

Fundi alirudisha dakika kumi na tano upesi. Mpiga chapa hakusubiri zitimie. Alilala palepale, na siku hiyo nyasi zilifika magotini na hazikuondoka mpaka saa sita. Fomu zilirundikana kwenye trei, zikamwagika, zikaelea juu ya nyasi kama ndege weupe wanaotua. Watoto kumi na wanne waliozaliwa mjini asubuhi hiyo walikaa bila majina ya kuchapwa hadi mchana.

"Dada fundi," alisema Mtaalamu kupitia tunduni, sura yake ikionekana kuanzia nyusi hadi kidevu, "kwa nini usiurudishe tu ule mfumo wa zamani? Mimi ningefanya hivyo tangu jana."

"Nilitaka. Mfumo mpya huutunza wa zamani kwenye kifurushi, ukiutaka unarudi nao. Kifurushi hakipo."

Mtaalamu alikohoa. "Kile kikubwa kikubwa? Nilikifuta. Mashine iliniuliza kama nifute takataka."

"Ukasema Ndiyo."

"Sasa nani anataka takataka?"

Alhamisi fundi aliingia mapema akawa peke yake na laptopu. Kulikuwa na jambo moja ambalo hakuwa amelifanya. Mashine zina daftari lao ndani, ambamo huandika kila kilichoziamsha: kipanya, kibodi, kifuniko kufunguliwa. Fundi huliomba daftari hilo pale mashine inapoamka amka ovyo. Hii haikuwa inaamka ovyo, kwa kuwa haikuwa inalala kabisa, lakini aliliomba hata hivyo, kwa ile tabia yake ya kutazama.

Daftari likafunguka. Halikuwa la laptopu.

Jumatano, saa sita na dakika mbili. Kilichoamsha: fomu zimemwagika. Jumatano, saa saba kasoro robo. Kilichoamsha: muhuri uko wapi. Jumatano, saa nane na robo. Kilichoamsha: Mama, bado? Saa nane na dakika arobaini, Mama, bado? Saa tisa, umekosea herufi. Saa tisa na nusu, Mama, bado?

Fundi akasogeza juu. Jumanne, Jumatatu, Ijumaa. Alitegemea daftari liishie hapo, siku mfumo ulipowekwa, lakini halikuishia. Liliendelea mwezi uliopita, mwaka uliopita, likapita siku laptopu yenyewe ilipotoka kiwandani, likaendelea kurudi nyuma hadi enzi za taipureta, miaka ishirini na tisa, siku ya kwanza ya mpiga chapa kwenye chumba kile. Kila mara aliposemeshwa iliandikwa, pamoja na saa na sababu. Lete. Chapa. Rudia. Muhuri. Haraka. Bado? Kuna siku moja, miaka kumi na saba nyuma, aliposemeshwa asubuhi saa mbili na tena jioni saa kumi, na katikati hapakuwa na kitu.

Salamu hazikuwemo, na fundi aliona hilo si haki, maana yeye mwenyewe kwa siku mbili alimsikia kila mtu akimsalimu. Akabonyeza pembeni, palipoandikwa vilivyoachwa. Salamu zilikuwa huko, maelfu kwa maelfu, na mbele ya kila moja maelezo yaleyale: haikusubiri jibu, haikuhesabiwa.

Ni kweli ndivyo walivyosalimu pale. Ofisi ilikuwa na korido ndefu na watu wenye haraka, na desturi ilikuwa kutupa salamu mlangoni huku mguu ukiwa umeshafika mlango wa pili. "Shikamoo Mama!" na mtu hayupo. Mpiga chapa aliitikia kila mara, marahaba, kwa sauti ile ile, kwa mlango mtupu.

Fundi alilichapa daftari. Printa ilitoa kurasa mia mbili na kumi kabla wino haujaisha, akazibeba mikono miwili hadi kwa mkuu.

Mkuu alisoma kurasa za mwanzo kwa makini, akachovya kidole ulimini, akafunua nyingine.

"Hapa ni mimi," alisema. "Na hapa. Hapa pia ni mimi, nakumbuka, tulikuwa na wageni." Alionekana kuridhika. "Sasa tatizo ni lipi? Naona anaamshwa vizuri tu."

"Anaamshwa kwa kazi peke yake, Mkuu. Na kazi zinapishana, nyingine dakika ishirini, nyingine saa nzima. Laptopu siwezi kuiponya, kifurushi kilifutwa. Ila mtu akienda akaketi, akamuuliza jambo lolote, akasubiri ajibiwe, hata mara nne kwa saa, hatalala. Nimejaribu. Nikiwa naongea naye halali."

"Jambo lolote kama lipi?"

"Ameamkaje. Nyumbani kwake kukoje."

Mkuu aliegemea kiti, akafikiri kwa dhati. Aliita Mtaalamu, akaita mfagizi, wakasimama mbele ya kioo chenye picha za mikutano. Ilipendekezwa iwepo zamu. Mtaalamu alisema yeye dirishani ana foleni mpaka barabarani, hana muda wa kwenda kupiga soga. Mfagizi alisema yeye angeweza, na tena angependa, lakini mkuu akamkumbusha vyoo vya ghorofa ya juu. Mkuu mwenyewe alikuwa na vikao. Tena, akasema, jambo likiwekwa kwenye zamu lazima liwe na fomu yake, na fomu hiyo atachapa nani?

"Si lazima maneno," alisema Mtaalamu ghafla. "Dada fundi, si ulisema hata kumgusa kunatosha?"

"Kunatosha."

"Basi hilo dogo."

Walikwenda chumba cha nyuma. Mtaalamu aliivuta ile feni ya kusimama, akafunga kwenye wavu wake kipande cha kitambaa cha bluu, kilichokatwa kutoka kwenye dasta la mfagizi, kirefu kiasi cha mkono. Akaiwasha feni na kuiruhusu izunguke shingo. Feni iligeukia ukutani, ikarudi, na kila iliporudi kitambaa kilipepea na kumgusa mpiga chapa begani.

Walisimama wakahesabu. Dakika kumi na tano zikapita, kumi na sita, ishirini. Hakulala. Sakafu ilibaki kavu.

"Afadhali," alisema mfagizi.

"Unajisikiaje, Mama?" aliuliza fundi.

"Kunawasha kidogo," alisema mpiga chapa, "lakini nitazoea. Nimezoea mengi." Akachukua fomu iliyokuwa juu.

Kwenye daftari la mashine iliandikwa: kilichoamsha, kitambaa. Kilichoamsha, kitambaa. Kilichoamsha, kitambaa. Lilijaza ukurasa kwa dakika tano.

Ijumaa mkaguzi alikuja, mtu mfupi mwenye mkoba mrefu. Alikagua madaftari, akakagua mihuri, akaulizia vyoo vya ghorofa ya juu. Alisimama mlangoni mwa chumba cha nyuma, akasema "Habari za kazi," na kabla hajajibiwa akaandika kwenye karatasi yake kwamba mtumishi yuko macho na chumba kina hewa ya kutosha. Lile shauri la kulala kazini likafungwa, faili likarudi kabatini. Mpiga chapa angefika miezi yake minane. Mkuu alimpa fundi karatasi ya kusaini kwamba tatizo limetatuliwa. Fundi aliisoma yote, mstari kwa mstari, Mtaalamu akimwangalia kwa huruma, kisha akasaini sehemu iliyosema laptopu imekaguliwa.

Wiki tatu baadaye umeme ulikatika mchana.

Fundi alikuwa amepeleka kibodi kwenye duka la jirani na ofisi ile, akaona watu wa foleni wamesimama na suruali zimepandishwa. Nyasi zilikuwa zimetoka tunduni, zikateremka ukutani kama pazia, zikasambaa ukumbini hadi kwenye ngazi za nje. Watu waliziachia nafasi. Mama mmoja mwenye kichanga alikuwa amemlaza mwanawe juu ya nyasi, na mtoto alikuwa ametulia. Mtaalamu alikuwa amekwenda kula.

Fundi alipita korido hadi chumba cha nyuma. Humo nyasi zilifika kiunoni, na mwanga haukuwa wa chumba kisicho na dirisha. Ulikuwa mwanga wa saa kumi na moja jioni mahali penye uwanda. Feni ilikuwa imesimama, kitambaa kimening'inia. Mpiga chapa alilala wima mezani kwake, na laptopu, iliyokuwa na chaji, ilikuwa macho.

Vile vigoda viwili vilikuwa karibu na kabati. Fundi alikitafuta kimoja kwa mkono kati ya nyasi, akakaa. Kilikuwa kigoda cha kawaida, kimechongwa vizuri. Hakumgusa mama yule. Alikaa kwanza, kama alivyozoea.

"Mama," alisema baadaye, "yale mapazia yalikauka?"

Mpiga chapa alifumbua macho polepole, si kama alivyoyafumbua kwa fomu. Aligeuka akatazama ilikotoka sauti.

"Yalikauka," alisema. "Hebu fikiri. Siku mbili mawingu, siku ya tatu likatoka jua kama limetumwa. Sasa wakati wa kuyarudisha, mdogo wangu anasema tuyageuze, upande wa ndani uwe nje, eti haujapauka. Tumebishana! Mimi nikasema mama aliyashona hivi, nani mwenye ujuzi wa kumpita mama? Naye akasema..." Akaendelea. Alieleza mshono, na pindo, na rangi ambayo haipatikani tena, na jinsi mama yao alivyoweka sarafu ndani ya pindo ili pazia lisipeperuke, na kwamba wakati wa kufua alizisikia zikigongana. Fundi alisikiliza, akauliza pazia la chumbani nalo likoje, akasikiliza tena. Nyasi hazikuondoka haraka. Zilipungua kidogo kidogo, kama maji yanayonywewa na udongo.

Laptopu ilitoa mlio mdogo. Kwenye kioo palikuwa pameandikwa: kilichoamsha, hakijulikani. Chini yake swali: chanzo hiki kizuiwe kisiamshe tena?

Fundi alinyanyuka kwenda kulijibu. Hapo umeme ukarudi. Taa ziliwaka, printa ikaguna, feni ikageuza shingo na kitambaa kikamgusa mpiga chapa begani. Nyasi za mwisho zikazama kwenye vigae. Mtaalamu aliingia kwa mlango, jambo ambalo halifanyi, kwa sababu alitaka kuona kama laptopu imesalimika, akanyoosha mkono juu ya bega la fundi.

"Ngoja, usi..." alisema fundi.

"Haya mavitu yanauliza sana," alisema Mtaalamu, akabonyeza Ndiyo. "Shikamoo, Mama," akaongeza, na akawa yuko koridoni.

"Marahaba," alisema mpiga chapa kwa mlango.

Fundi alibaki hadi jioni akitafuta mahali pa kulirudisha jibu lile nyuma. Hapakuwepo.

Umeme hukatika mjini mara moja au mbili kwa mwezi. Siku hizo fundi hufunga duka lake, hupita katikati ya foleni, huingia chumba cha nyuma na kukaa kwenye kigoda. Huuliza, hata kama ameshazuiwa: mdogo wako ameshinda au umeshinda wewe, yale mapazia yanatazama wapi sasa? Mpiga chapa haamki. Macho yake hubaki yamefumbwa, mabega yake hubaki chini. Lakini hujibu, kwa sauti ya chini, maneno mengi, moja baada ya jingine, na kigoda cha pili hulalia upande kidogo, kama mtu amekikalia.

Fundi husikiliza mpaka feni izunguke. Kisha hupitisha mkono kwenye trei, huziweka fomu sawasawa, na kuondoka kabla mama yule hajauliza nani alikuwepo. Kwenye daftari la mashine, kwa saa hizo, hakuna kinachoandikwa.